Kambi au njia: kuchagua kazi ya majira ya joto katika pori la mitumbwi la Boundary Waters

Kijana anayetafuta nafasi ya uanagenzi wa majira ya joto katika pori la Boundary Waters, kaskazini mwa jimbo la Minnesota, kwa kawaida hukutana na tangazo lenye maneno mazuri kuhusu maziwa, mitumbwi na hewa safi, akajaza fomu bila kutambua kwamba nyuma ya maneno hayo kuna kazi mbili zinazotofautiana sana. Ya kwanza ni kutunza vituo vya kambi: watu wawili au watatu hupiga kasia kutoka kituo hadi kituo, wakisafisha, wakichimba vyoo na kuzungumza na wageni. Ya pili ni kutunza njia: kikosi kizima huweka kambi mahali pamoja kwa siku kadhaa, kikikata miti iliyoanguka, kikijenga ngazi za mawe na kuyaondoa maji yaliyotuama njiani. Vipo vikosi vinavyochanganya yote mawili, lakini hata huko upande mmoja huwa mzito kuliko mwingine, na upande huo mzito ndio utakaoamua kama mwezi wa Agosti utakukuta ukitamani kurudi mwaka ujao au ukihesabu siku zilizobaki.

Ninaandika hasa kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili walioko masomoni Marekani, na kwa familia za Waafrika Mashariki na Wakongo wanaoishi Minneapolis, Saint Paul na vitongoji vyake. Mji wa Ely, ambao ni mojawapo ya malango makuu ya pori hilo, uko mwendo wa saa nne hivi kwa gari kutoka kwao, na bado ni nadra kusikia kijana wetu akizitaja kazi hizi anapopanga likizo yake.

Kwanza mahali penyewe, kwa kuwa tofauti ya kazi hizi mbili inatokana na umbo la nchi na sheria zake. Boundary Waters ni eneo la ekari milioni 1.1 hivi, yaani takriban kilomita za mraba 4,400, ndani ya Msitu wa Taifa wa Superior, likipakana na mkoa wa Ontario wa Kanada. Barafu ya kale ilikwangua mwamba na kuacha maziwa zaidi ya 1,000, na kati ya ziwa na ziwa kuna njia za nchi kavu ambapo msafiri hubeba mtumbwi na mizigo yake mabegani hadi kwenye maji ya pili. Njia hizo huitwa poteji, na urefu wake hupimwa kwa rodi, kipimo cha zamani chenye futi 16.5, ambazo ni mita tano hivi. Nyingi kati yake zilikuwa njia za Waojibwe, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, muda mrefu kabla ya wafanyabiashara wa ngozi kufika. Waojibwe wenyewe bado wapo, na wanaendelea kuwinda, kuvua na kuvuna mpunga mwitu katika nchi hiyo kwa haki walizojiwekea katika mkataba wa 1854. Mwanagenzi akumbuke hilo anaposikia watu wakisema kwamba eneo hili halijawahi kuguswa na mtu.

Eneo hili linalindwa na Sheria ya Maeneo ya Pori ya 1964, kisha na sheria mahususi ya Boundary Waters iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter mwezi Oktoba 1978. Motaboti zinaruhusiwa katika maziwa machache tu, na tangu amri ya Rais Truman ya 1949 ndege haziruhusiwi kuruka chini ya futi 4,000 juu ya usawa wa bahari katika anga yake, isipokuwa kwa dharura na shughuli za serikali. Kwa mfanyakazi, maana ya sheria hizo ni moja: karibu kila kitu hufanywa kwa mikono. Msumeno wa injini hautumiki katika kazi za kawaida, na hata toroli ya kusombea mawe huhesabiwa kuwa chombo cha usafiri kisichoruhusiwa. Anayezoea kuona kazi ikimalizwa kwa mashine atahitaji wiki nzima kukubali mwendo huu.

Kazi ya vituo vya kambi

Pori hili lina vituo vya kambi zaidi ya 2,000, na mgeni anayelala hutakiwa kulala katika mojawapo ya vituo hivyo, katika kundi lisilozidi watu tisa na mitumbwi minne. Kila kituo kina wavu wa chuma wa kupikia uliozungushiwa mawe, na nyuma yake, ndani ya miti, kiti cha choo cha shimo kisicho na kuta wala paa. Vitu hivyo viwili ndivyo kiini cha kazi ya mwanagenzi wa upande huu.

Zamu moja kwa kawaida huchukua siku nane hadi kumi mfululizo porini, zikifuatwa na siku chache za mapumziko mjini. Wafanyakazi huondoka na mtumbwi, mahema, chakula, sepetu, mtaimbo, msumeno mdogo wa mkono na fomu za ukaguzi. Wakifika kituoni huchota majivu ndani ya wavu, wakaokota vipande vya karatasi ya alumini vilivyoungua nusu, ambavyo ni takataka sugu kuliko zote, wakabomoa duara la pili la moto ambalo wageni wamejijengea kando, wakaangalia mizizi iliyofukuliwa na nyayo, miti iliyokatwakatwa, na matawi makavu yanayoweza kuangukia hema. Yote huandikwa, kwa sababu kituo kinachochakaa mwaka hadi mwaka huenda kikafungwa ili ardhi ipumzike, na uamuzi huo hutegemea rekodi za watu waliopita na kalamu mkononi.

Choo kikijaa, shimo jipya lazima lichimbwe, na hapo ndipo mwanagenzi hukutana na nchi hii ilivyo kweli. Udongo ni mwembamba: tabaka la majani yaliyooza na mizizi, kisha mwamba wa graniti. Basi huzunguka nyuma ya kambi akichoma ardhi kwa mtaimbo na kusikiliza. Mtaimbo ukilia, anasogea hatua mbili. Ukizama kimya, anachoma tena pembeni kuhakikisha kwamba nafasi inatosha, ndipo anapoanza kuchimba. Mizizi hukatwa kwa pulaski, chombo chenye shoka upande mmoja na jembe upande wa pili, na mawe hunyanyuliwa kwa mtaimbo moja baada ya jingine. Si jambo la ajabu kufika magotini na kugonga mwamba mpana, ukafukia shimo na kuanza upya mahali pengine. Shimo linapofika kina cha mita moja hivi, kiti huhamishwa, shimo la zamani hufukiwa kwa udongo uliotoka katika lile jipya, na juu yake hutawanywa majani na matawi makavu ili mtu asije akapiga hema hapo. Nusu siku inaweza kwisha hivyo, na mbu wote wa kaskazini wakiwa juu ya shingo yako.

Ninaiheshimu kazi hii kuliko ile inayopigwa picha. Watu wengi hunywa maji ya maziwa haya baada ya kuyachuja tu, na kila mwaka wageni zaidi ya 100,000 hupita humo. Choo kilichojaa humfanya mgeni aende vichakani, na kilichoko vichakani juu ya mwamba mtupu huteremka ziwani na mvua ya kwanza. Hakuna sheria wala bango linaloweza kuzuia hilo kama hakuna mtu aliyechimba.

Nusu ya pili ya kazi hii ni watu. Mwanagenzi hufuatana na mlinzi wa pori anayekagua vibali, kueleza kwa nini makopo na chupa za kioo haziruhusiwi, kwa nini vyombo huoshwa umbali wa futi 150 kutoka majini, na namna ya kuhifadhi chakula ili dubu asikifikie, ama ndani ya chombo maalumu, ama kwa kukining'iniza futi 12 juu ya ardhi na futi sita kutoka kwenye shina. Hapa naamini vijana waliolelewa kwa adabu za kwetu wana mtaji wasioujua. Aliyefundishwa kumwamkia mtu na kumwuliza hali ya safari yake kabla ya kumweleza kosa lake atasikilizwa na kundi lililokuwa tayari kubishana. Kinyume chake, asiyependa kuanzisha mazungumzo na wageni mara kadhaa kwa siku ajue kwamba upande huu utamchosha kwa namna ambayo misuli haihusiki nayo.

Kazi ya njia

Upande wa njia, kikosi huwa na watu wanne hadi sita hivi na kiongozi wao. Wanaweka kambi moja, kisha kila asubuhi hutoka na zana kwenda mahali pa kazi na kurudi jioni. Baadhi ya vikosi hufanya kazi kwenye poteji na hivyo husafiri kwa mitumbwi. Vingine hupelekwa kwenye njia ndefu za miguu kama Kekekabic na Border Route, ambazo sasa ni sehemu ya njia ya taifa iitwayo North Country, na huko huenda ukatembea zaidi kuliko kupiga kasia. Mwombaji aliyevutiwa na neno mtumbwi aulize swali hili mapema.

Adui wa njia ni wawili: mti na maji. Tarehe 4 Julai 1999 dhoruba ya upepo mkali ilipiga eneo hili na kuangusha miti katika ekari zaidi ya 470,000 za Msitu wa Taifa wa Superior, na baada yake kulikuwa na poteji zilizofunikwa na magogo yaliyolaliana hadi njia haikuonekana. Miaka mingine haina dhoruba ya namna hiyo, lakini kila majira ya baridi huacha kazi yake, na vikosi vya mwezi wa Mei na Juni hukuta miti mingi imelala njiani.

Mti huo hukatwa kwa msumeno mrefu wa watu wawili. Kabla ya kuugusa, wakataji huutazama kwanza: umeegemea wapi, upande upi umebanwa na upande upi umevutwa, utakapokatika utaruka, utazunguka au utashuka, na nani amesimama mahali pasipofaa. Kisha mmoja huvuta, anaachia, mwenzake naye huvuta. Hakuna anayesukuma, kwa sababu ubao wa msumeno ni mwembamba na ukisukumwa hupinda. Msumeno ukiwa umenolewa vizuri, hautoi vumbi bali vinyoleo virefu kama tambi, na mkataji mzoefu akiona vumbi anajua mara moja kwamba ama meno yamechoka ama mti umeoza ndani. Sauti nayo hubadilika mti unapoanza kuubana msumeno. Hapo kabari ya plastiki hugongwa juu ya mkato ili upanuke. Anayechelewa kusikia mabadiliko hayo ataukuta msumeno umeshikwa katikati ya gogo na atatumia saa nzima kuutoa. Gogo nene linaweza kuchukua sehemu kubwa ya asubuhi, na likikatika na kuviringishwa nje ya njia, kundi lililobeba mitumbwi hupita hapo bila kujua kama kulikuwa na kitu.

Maji hutaka akili ya aina nyingine. Njia iliyotuama maji hupanuka, kwa sababu kila mtu aliyebeba mtumbwi hukanyaga pembeni kutafuta pakavu, na baada ya misimu michache njia ya hatua moja inakuwa dimbwi pana. Kikosi huchimba mifereji ya kutolea maji, huweka magogo au mawe ya kuyakinga yasiteremke na njia, huinua tuta la mawe na changarawe mahali pa tope, na hujenga ngazi za mawe kwenye gati za asili ambapo mitumbwi hushushwa. Mawe yote hayo hutafutwa mbali na njia, hufukuliwa, huviringishwa kwa mitaimbo na kubebwa na watu wawili wawili. Jiwe lililowekwa vizuri linaweza kudumu kuliko ajira ya mtu aliyeliweka.

Moto mmoja, kazi mbili

Tukio moja linaonyesha tofauti ya pande hizi vizuri kuliko maelezo mengi. Mwezi Agosti 2011 radi iliwasha moto karibu na kijito cha Pagami, na katikati ya Septemba upepo uliusambaza ghafla hadi ukala zaidi ya ekari 90,000. Wafanyakazi wa pori walikuwa wameingia kwa mitumbwi kuwahamisha wageni, na baadhi yao walinaswa na moto huo kwenye Ziwa Insula, wakalazimika kujifunika kwa mahema madogo ya kinga, wote walinusurika. Hiyo ndiyo sura ya upande wa kambi: uko karibu na wageni, na linapotokea jambo, iwe moto, radi au mtu aliyevunjika mguu, wewe ndiye mtu wa kwanza mwenye redio ya mawasiliano. Mwanagenzi hatumwi kwenye hatari ya namna hiyo peke yake, lakini mafunzo ya huduma ya kwanza anayopewa si ya kujaza cheti.

Moto huo huo uliunguza njia ya miguu ya Powwow karibu yote. Miti iliyokufa ikiwa imesimama iliendelea kuanguka mwaka baada ya mwaka, miche ya misonobari ikaota katikati ya njia kwa wingi wa ajabu, na kwa muda njia ikawa jina tu kwenye ramani. Ilirudishwa na vikosi na watu wa kujitolea kwa misumeno ya mkono, kipande kwa kipande, kwa miaka kadhaa. Hiyo nayo ni sura ya upande wa njia: hakuna dharura, hakuna anayekupigia makofi, na matokeo yake hayaonekani ndani ya msimu mmoja.

Mwili, maji na vitu vidogo

Wengi hudhani kazi ya kambi ni nyepesi. Si kweli, uzito wake umegawanywa tofauti. Anayetunza kambi hubeba mtumbwi na mizigo karibu kila siku, mara nyingine mara kadhaa kwa siku, na mtumbwi wa alumini hufikia kilo 30 na zaidi, ingawa ile ya Kevlar, nyuzi ngumu lakini nyepesi, huwa kilo 20 hivi. Mabega na miguu ndivyo huumia kwanza. Anayetunza njia hubeba mtumbwi siku ya kuingia na ya kutoka, lakini siku za katikati huinama, hunyanyua mawe na kuvuta msumeno kwa saa nane au zaidi, na mgongo na viganja ndivyo hulipa. Mwenye historia ya maumivu ya mgongo aende upande wa kambi, na mwenye goti bovu afikirie upande wa njia, hasa kikosi chenye kambi ya kudumu.

Suala la maji lazima lisemwe wazi, kwa kuwa vijana wengi wa familia zetu mijini hawakupata nafasi ya kujifunza kuogelea. Jaketi okozi huvaliwa, na mafunzo ya kupiga kasia hutolewa, lakini mtu wa kambi hukatiza maziwa makubwa kila siku, upepo ukiwa wa kichwa au wa ubavu, na mwanzoni mwa Juni maji bado ni ya baridi sana kwa kuwa barafu huyeyuka mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei. Mtumbwi ukipinduka wakati huo, baridi ni hatari kuliko kina. Asiyeogelea na asiye na muda wa kujifunza kabla ya msimu achague kikosi cha njia za miguu bila aibu yoyote, na ajifunze kuogelea kwa ajili ya mwaka unaofuata.

Usubi wa Mei na Juni, mbu wa Juni na Julai, na kupe wanaoweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme havibagui pande. Mchana ni mrefu kwa wote pia: katikati ya Juni jua huzama baada ya saa tatu usiku, na mtu aliyekulia karibu na ikweta hujikuta bado anafanya kazi au kupika akidhani ni alasiri, hadi uchovu umshtue.

Chakula ni jambo ambalo matangazo hayalitaji, nami nalitaja kwa sababu nimeliona likiwatatiza watu wazuri. Kikosi cha njia kwa kawaida hununua na kupika pamoja, na soseji kavu na nyama za kukaushwa, zikiwemo za nguruwe, ni kawaida kwa kuwa makopo hayaruhusiwi. Katika jozi ya kambi ni rahisi zaidi mtu kujipangia chakula chake. Mwislamu, au yeyote mwenye masharti ya chakula, aseme mapema kabla ya ununuzi wa kwanza. Viongozi wengi hupanga bila shida wakiambiwa kwa wakati, ila porini siku ya nne hakuna la kufanya. Upande wa swala, jozi ya watu wawili au watatu ina urahisi wa kusimama inapotaka, lakini kikosi chenye ratiba ya pamoja nacho hupumzika adhuhuri na alasiri, na sijaona sababu ya jambo hili kumzuia mtu.

Unachoondoka nacho

Mtu wa njia huondoka na ujuzi unaotambulika kwa jina. Idara ya Misitu ya Marekani ina mfumo wa kuwapima wakataji kwa ngazi za A, B na C, A ikiwa ya kuanzia na C ya juu, na aliyepata ngazi ya kwanza au ya pili ya msumeno wa mkono anaweza kuombea kazi katika misitu mingine ya taifa, iwe milima ya magharibi au kwingineko. Anaongeza juu yake ujenzi wa mawe, kusoma maji yanavyotiririka, na baadaye kuongoza kikosi. Kwa anayetaka kuendelea na kazi za misitu kwa miaka kadhaa, hii ni faida isiyo na ubishi.

Mtu wa kambi huondoka na kitu kisicho na cheti lakini kipana zaidi: anaelewa eneo zima linavyoendeshwa. Amejaza rekodi, ameona kwa nini kundi la tisa si la kumi, amesikia malalamiko ya mgeni na sababu za mlinzi, na ameona pori kwa upana badala ya kilomita chache. Mwanafunzi wa mazingira, utalii, sheria au utawala wa umma, hasa anayekusudia kurudi nyumbani kufanya kazi katika hifadhi za Tanzania, Kenya au Kongo, atakuta maswali hayo hayo yakimngoja huko: wageni wangapi, walale wapi, taka zao ziende wapi, na watu waliokuwepo kabla ya mipaka wana haki gani.

Nani anaruhusiwa, na fedha zinatoka wapi

Hapa ndipo ndoto nyingi hukwama, kwa hiyo soma polepole. Ajira za moja kwa moja za Idara ya Misitu kwa kawaida hutaka uraia wa Marekani. Nafasi zinazopitia AmeriCorps, mpango wa serikali ya Marekani wa kutumikia jamii kwa posho, hutaka uraia au ukaazi wa kudumu, yaani mwenye kadi ya kijani anakubalika. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 haruhusiwi kuanza kazi nje ya chuo, hata ya posho ndogo, bila idhini ya mafunzo inayotolewa kupitia ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo chake, na idhini hiyo kwa kawaida huhitaji awe amemaliza mwaka mmoja wa masomo na kazi iwe sehemu ya mtaala wake. Jambo hili hulinda hadhi yako ya kuishi nchini; usikubali maneno ya mtu anayesema ni kujitolea tu, basi haina neno.

Nafasi nyingi za uanagenzi hupitia mashirika kama Student Conservation Association, lililoanza kupeleka vijana kwenye hifadhi za taifa mwaka 1957. Malipo huwa ni posho ya wiki, na mara nyingi malazi mjini Ely, Grand Marais au kwenye kituo cha wilaya ya msitu, kwa kuwa Msitu wa Taifa wa Superior umegawanywa katika wilaya. Nafasi ikiwa ya AmeriCorps, anayekamilisha saa zake hupata tuzo ya elimu inayoweza kulipia karo au mkopo wa chuo ndani ya miaka saba; tuzo hiyo hutozwa kodi, kwa hiyo usishangae mwaka unaofuata. Kwa upande wa fedha pande zote mbili hulingana, isipokuwa kwamba vikosi vya njia hutegemea zaidi ruzuku na hivyo huyumba zaidi ruzuku zinapokatwa. Mwezi Septemba 2024 Idara ya Misitu ilitangaza kwamba haitaajiri wafanyakazi wa msimu kwa mwaka wa 2025, isipokuwa wa kuzima moto, na mwaka 2025 ruzuku nyingi za AmeriCorps zilisitishwa. Matokeo yake wanagenzi wamekuwa wakibeba sehemu kubwa zaidi ya kazi ambayo zamani ilifanywa na walinzi wenye uzoefu. Mimi naliona hilo kama sababu ya kuomba, si ya kukata tamaa, lakini pia ni sababu ya kuuliza kwa uwazi nani atakufundisha.

Msomaji anayeishi Ontario ana chaguo la tatu ng'ambo ya mpaka: hifadhi ya Quetico, iliyotengwa mwaka 1909 na kuwa hifadhi ya mkoa mwaka 1913, yenye ukubwa unaokaribiana na Boundary Waters. Kambi zake hazina wavu wa chuma wala choo, kwa hiyo kuchimba vyoo hakupo, na kazi ya ndani huelemea poteji na usafishaji. Nafasi za wanafunzi huko hutangazwa na serikali ya mkoa kwa wenye ruhusa ya kufanya kazi Kanada.

Ningemshauri nani achague nini

Kama una msimu mmoja tu maishani wa kufanya kazi hii, chagua kambi. Utaona maziwa mengi zaidi, utakutana na watu, na utaelewa pori kwa namna ambayo wiki kumi za msumeno haziwezi kukupa. Nasema hivi nikijua kwamba wakataji watanipinga, na wana haki, kwa kuwa furaha ya kukata pamoja na mwenzako hadi mikono yenu ipate mdundo mmoja ni kubwa na haipatikani kwa kuchota majivu.

Kama unakusudia kurudi mwaka wa pili, anza na njia. Msumeno hujifunzwa polepole, na mwaka wa kwanza ni wa kujifunza kunyamaza na kutazama; ukiwa na ngazi yako ya ukataji, mwaka wa pili utapokelewa upande wowote, na hata walinzi wa kambi hupenda kupata mtu anayeweza kufungua poteji iliyozibwa bila kusubiri kikosi. Kama unaogopa upweke, njia tena, kwa sababu watu watano wanaokula sufuria moja hawakuachi ukae na mawazo yako. Lakini kama kinachokuchosha ni watu watano hao hao asubuhi, mchana na jioni, jozi ya kambi itakupa kimya cha kutosha kati ya mgeni na mgeni.

Maombi mengi hufunguliwa wakati wa baridi, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, na mahojiano hufanywa kwa simu. Usiulize tu tarehe na posho. Uliza: kati ya siku kumi za zamu, ngapi ni za kambi na ngapi ni za njia, kikosi hufika kazini kwa mtumbwi au kwa miguu, nani mwenye ngazi ya C atakayekaa nasi wakati wa kukata, chakula hununuliwa na nani, na fedha za nafasi hii zimeshathibitishwa au bado zinasubiriwa. Anayekuhoji akijibu maswali hayo bila kuzunguka, hata kama majibu si yale uliyotaka, andika jina la wilaya yake juu kabisa ya orodha yako.